Mwanga wa jua husukuma kwenda nje tu. Chombo chenye tanga kitalikaribiaje jua?

SWALI: "Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya kata hapa Ilemela, Mwanza, na ni mlezi wa klabu ya sayansi. Mwezi huu tulizungumzia vyombo vya angani vinavyosafiri kwa tanga linalosukumwa na mwanga wa jua. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi, na mmoja wao akanibana. Mtumbwi wa baba yake hutoka Igombe alfajiri kwa upepo wa nchi kavu na kurudi mchana kwa upepo wa ziwani, na upepo ukiwa wa mbele wanakunja tanga na kushika makasia. Sasa jua halina upepo wa kurudi, linasukuma kwenda nje siku zote. Chombo kitawezaje kwenda kuelekea jua? Nilimjibu kwamba huenda kinapiga bisho kama majahazi ya pwani, yaani kinakwenda dhidi ya upepo kwa kukata kulia na kushoto, lakini sikujiridhisha. Pili, kwa ajili ya maonesho ya shule tunataka kuning'iniza karatasi ya foili kwa uzi na kuimulika kwa taa kali za wavuvi wa dagaa ili isogee. Tumeona pia video ya chupa ya kioo yenye vipanga (vibao vidogo vyembamba kama vya feni) vinavyozunguka vikiwekwa juani. Je, hiyo ndiyo nguvu yenyewe? Tuendelee au tuache?"

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa pale ambapo watu wazima wengi hukwama, wakiwamo waliosoma fizikia. Hoja yake ni kwamba kitu kinachosukumwa kutoka juani kila saa lazima kiishie mbali na jua. Kwa mtumbwi wa Igombe hoja hiyo haina kasoro. Mtumbwi usiposukumwa na tanga, kasia au injini, maji yanausimamisha, kwa hiyo unakwenda kule unakosukumwa. Chombo cha angani hakikuanza safari kikiwa kimesimama. Kilipoondoka duniani kilirithi mwendo wa dunia, na dunia inalizunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde. Huko hakuna maji wala hewa ya kuupunguza mwendo huo. Chombo kitaendelea kulizunguka jua miaka na miaka hata tanga lake lisipofunguliwa kabisa.

Na muda wote huo jua linakivuta. Kinachokizuia kisitumbukie ni ile kasi ya kwenda kando. Jua linakivuta kuingia ndani, lakini kila kinapoingia kimeshasogea kando kiasi cha kulikosa, na njia yake inajipinda kuwa mzingo, yaani njia ya kulizunguka jua. Hapo ndipo jibu lilipo. Anayetaka kulikaribia jua hana haja ya kutafuta nguvu ya kumvuta kwenda huko, kwa sababu anayo tayari, na ni kubwa. Anachohitaji ni kupunguza kasi ya kuzunguka, kisha uvutano wa jua wenyewe utamshusha. Anayetaka kwenda mbali aiongeze kasi hiyo. Kwa hiyo mwulize mwanafunzi swali hili: tanga linasukuma pamoja na mwendo wa chombo, au linausukuma mwendo huo kinyume?

Tanga lenyewe ni kioo, yaani utando mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini. Mwanga unalisukuma unapofika na unalisukuma tena unaporudishwa. Kwa kioo kamili, jumla ya misukumo hiyo miwili huelekea nyuma ya tanga, upande wa kivulini, kwa pembe mraba na uso wake. Tanga likitazamana na jua ana kwa ana, msukumo wote unakwenda nje. Likiinamishwa, msukumo unainama nalo. Liinamishe ili mgongo wake uelekee kidogo kule chombo kinakokwenda, na sehemu ya msukumo itakisukuma mbele: mzingo unapanuka na chombo kinaliacha jua. Ligeuze upande wa pili, mgongo uelekee kidogo kule chombo kinakotoka, na sehemu hiyo hiyo inakuwa breki: mzingo unasinyaa na chombo kinashuka kuelekea jua. Bado kuna kipande cha msukumo kinachokwenda nje, lakini uvutano wa jua unakizidi kwa mbali.

Ukiliinamisha mno unapoteza, kwa sababu tanga linaambulia mwanga mchache. Pembe inayotoa msukumo mkubwa zaidi wa kando ni nyuzi kama 35, ukipima kutoka pale tanga linapotazamana na jua, na hapo unapata karibu asilimia 38 ya nguvu ambayo tanga lingepata likitazamana na jua.

Hapa naomba mkae kidogo, maana ndipo wanafunzi watakapojifunza jambo ambalo macho hayawezi kulikisia. Wengi watasema kwamba angalau safari ya kwenda mbali na jua ni rahisi: elekeza tanga juani moja kwa moja, liache lisukumwe. Sivyo. Tupige hesabu kwa chombo cha kilo 5 chenye tanga la mita za mraba 32, tukikiweka mbali na dunia, kikilizunguka jua kwa umbali ule ule wa dunia, kilomita milioni 149.6. Pale kila mita ya mraba ya kioo kamili hupokea msukumo wa karibu mikronyutoni 9, yaani sehemu 9 za milioni za nyutoni moja. Tanga zima linapata mikronyutoni 290 hivi, sawa na uzito wa gramu 0.03 hapa duniani. Ukigawa kwa kilo 5, kasi ya chombo inabadilika kwa milimita 0.058 kwa sekunde, kila sekunde. Uvutano wa jua mahali hapo hubadilisha kasi kwa milimita 5.93 kwa sekunde, kila sekunde. Msukumo wa mwanga ni asilimia moja tu ya uvutano.

Asilimia hiyo haibadiliki popote uendako. Mwanga hufifia kwa mraba wa umbali, na uvutano hudhoofika kwa mraba wa umbali vilevile. Tanga linalotazamana na jua halifanyi zaidi ya kulipunguzia jua uvutano wake kwa sehemu moja ya mia. Chombo kitajisogeza nje kilomita milioni 3 hivi, kisha kitarudi pale pale kilipoanzia baada ya mwaka na siku chache, na kuanza upya. Kitafanya hivyo miaka yote bila kufika popote. Chombo kile kile tanga lake likiinama nyuzi 35, mzingo wake unapanuka kwa kilomita kama 19,000 kila siku, karibu milioni 7 kwa mwaka, na kilichopatikana leo hakipotei kesho. Ukiinamisha upande wa pili, mzingo unasinyaa kwa kiwango hicho hicho mwanzoni, na kadiri chombo kinavyolikaribia jua mwanga unazidi kuwa na nguvu. Kwenye umbali wa sayari ya Zebaki msukumo ni zaidi ya mara 6 ya ule wa hapa kwetu. Kwenye umbali wa Mshtarii umebaki sehemu moja ya 27. Kwa hiyo kati ya safari hizo mbili, ya kwenda nje na ya kwenda ndani, ile ambayo mwanafunzi wako anaona haiwezekani ndiyo ambayo tanga huifanya kwa nguvu inayozidi kukua.

Ili kutazamana na jua peke yake kutoshe kukiondoa chombo moja kwa moja, msukumo wa mwanga ungepaswa kufika nusu ya uvutano. Hiyo inadai chombo kizima, pamoja na mzigo wake, kiwe na gramu 3 hivi tu kwa kila mita ya mraba ya tanga. Chombo chetu cha mfano kina gramu 156.

Kuhusu bisho, ulikuwa umekaribia. Jahazi linaweza kukata kuelekea upepo kwa sababu lina vitu viwili vya kushindana navyo: upepo juu na maji chini, na mkuku unalizuia lisiburutwe kando. Chombo cha angani kina mwanga tu, na kazi ya maji inafanywa na uvutano wa jua. Hata hivyo njia zao hazifanani. Jahazi huenda kwa kukata kulia na kushoto, wakati chombo hiki hulizunguka jua mara nyingi katika njia ndefu inayojiviringa kuingia ndani au kutoka nje, na tanga linaweza kubaki kwenye pembe ile ile miezi mingi. Tumia bisho kufungulia somo, kisha liache hapo, la sivyo wanafunzi wataanza kumtafuta nahodha anayebadilisha upande kila baada ya dakika kadhaa.

Je, haya yamefanyika kweli? Ndiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Shirika la anga la Japani, JAXA, lilirusha IKAROS mwezi Mei 2010 likiwa na tanga la mraba lenye upande wa mita 14 na unene wa mikroni 7.5, yaani sehemu 7.5 za elfu za milimita moja. Wataalamu walipima msukumo wa mwanga wa milinyutoni 1.12, na Desemba 8, 2010 chombo kikapita karibu na Zuhura. Waambie wanafunzi ukweli wote: roketi ndiyo iliyokitupa kwenye njia ya kuelekea Zuhura, na tanga lilithibitisha kwamba linaweza kuirekebisha njia hiyo. Kilichonivutia zaidi mimi ni jinsi kilivyogeuzwa. Kwenye kingo za tanga waliweka vipande vya kioo-maji, jamii ya vile vilivyo kwenye skrini za vikokotoo. Kipande kikiwashwa hurudisha mwanga kwa namna moja, kikizimwa kwa namna nyingine. Upande mmoja unasukumwa zaidi ya mwingine, na tanga linageuka bila kutumia tone la mafuta.

LightSail 2, ya jumuiya ya Planetary Society ya Marekani, ndiyo niliyoazima vipimo vyake kwa hesabu ya hapo juu. Ilirushwa Juni 2019 na kufungua tanga mwezi uliofuata, ikiizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita kama 720. Huko kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu katika kila mzunguko nusu ya njia unaelekea jua na nusu unaliacha. Kwa hiyo tanga lilikuwa likigeuzwa nyuzi 90 mara mbili kwa kila mzunguko, kwa gurudumu linalozungushwa ndani ya chombo. Kikielekea jua, tanga lilikaa kingo ili lisisukumwe nyuma, na kikiliacha, lilifunguka ana kwa ana na mwanga. Katika siku chache za mwanzo kimo cha juu cha mzingo kilipanda karibu kilomita 2. Lakini hata huko juu kuna mabaki ya hewa, na Novemba 2022 chombo kilishuka na kuungua angani.

Kushindwa pia kupo. NEA Scout ya NASA, iliyokusudiwa kufika kwenye asteroidi, iliondoka Novemba 2022 na mawasiliano nayo hayakupatikana kamwe. Tanga jingine la NASA, la mita za mraba 80, lilifunguliwa Agosti 2024, na moja ya nguzo zake ikaonekana imepinda. Kukunjua kitu kikubwa hivyo kutoka kwenye kisanduku kidogo, bila mkono wa mtu karibu, bado ni kazi inayowasumbua wahandisi kuliko fizikia yenyewe.

Kuna dhana moja ya kuondoa kabla haijaota mizizi darasani. Jua lina upepo wa kweli, mkondo wa chembe zinazokimbia kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, na watu wengi hudhani huo ndio unaojaza tanga. Shinikizo la upepo huo ni dogo kuliko la mwanga kwa maelfu ya mara. Tanga hili linasukumwa na mwanga. Mwanga hauna uzito, lakini unabeba msukumo: chukua nishati yake, igawe kwa kasi ya mwanga, na kioo kikiurudisha zidisha kwa mbili. Mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alilionesha hilo kwa hesabu katika karne ya 19, na mwenzake Pyotr Lebedev wa Moscow akalipima maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1901.

Taabu aliyopata Lebedev ndiyo inayojibu swali lako la pili. Adui wake mkubwa alikuwa hewa. Mwanga ukikipiga kitu unakipasha joto, joto linaichangamsha hewa iliyokizunguka, na msukumo wa hewa hiyo unauzidi ule wa mwanga kwa mbali. Ilimbidi atoe karibu hewa yote kwenye chombo chake cha kioo. Foili yenu, mkiimulika kwa taa za dagaa, huenda ikasogea kweli. Itakuwa imesogezwa na hewa ya moto, au na mtu aliyefungua mlango. Taa inayotoa wati 10 za mwanga, zote zikaangukia foili na kurudishwa, inatoa msukumo wa mikronyutoni 0.067. Hakuna uzi na foili ya jikoni vitakavyoonesha hilo katika chumba chenye hewa. Kuwaonesha wageni foili inayosogea na kuwaambia ni nguvu ya mwanga ni kuwapa jibu sahihi kwa ushahidi usio wake, na nakusihi msifanye hivyo.

Ile chupa ya vipanga nayo si nguvu ya mwanga. Tazama video tena: vipanga vina upande mweusi na upande unaong'aa, na ule mweusi ndio unaorudi nyuma. Kama mwanga ndio ungekuwa unasukuma, upande unaong'aa ungesukumwa zaidi, na vipanga vingezunguka kinyume. Ndani ya chupa kumebaki hewa kidogo, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Lakini ningeionesha video hiyo kwenye maonesho, tena kwa furaha, kama fumbo: nani anaweza kueleza kwa nini inazunguka upande usiotarajiwa?

Kwa hiyo foili acheni. Ninachowashauri mfanye ni hesabu kwenye kompyuta moja ya shule, kwa programu ya kawaida ya majedwali. Kila mstari uwe na nafasi ya chombo kwa namba mbili, na kasi yake kwa namba mbili. Anzeni kwenye umbali wa dunia kwa kasi ya kilomita 29.8 kwa sekunde. Kila hatua ikiwa ya muda wa saa sita, kokotoeni uvutano wa jua, ongezeni msukumo wa tanga, rekebisheni kasi kwanza, halafu tumieni kasi hiyo mpya kusogeza nafasi. Utaratibu huo msiugeuze. Mkisogeza nafasi kwa kasi ya zamani, mzingo utajipanua wenyewe hata bila tanga, na mtasifu tanga kwa kazi isiyofanya. Ili mabadiliko yaonekane vizuri kwenye grafu, fanyeni msukumo uwe asilimia 10 ya uvutano badala ya moja, na mseme wazi kwenye bango kwamba mmekuza. Jaribuni kwanza bila tanga kabisa. Mkipata duara linalojifunga baada ya siku 365 hivi, jedwali lenu ni zima. Ndipo mjaribu tanga likitazamana na jua, kisha nyuzi 35 upande mmoja, kisha upande wa pili.

Katika jaribio la mwisho mtaona kitu kitakachowatia shaka: mnafunga breki, lakini kasi kwenye jedwali inapanda. Hamjakosea. Chombo kikishuka kuelekea jua, uvutano unakiongezea kasi kuliko breki inavyoipunguza. Ndiyo maana Zuhura, iliyo karibu zaidi na jua, inakwenda kilomita 35 kwa sekunde na sisi 30.

Bango litakuwa na grafu badala ya kitu kinachosogea, na najua wageni wa maonesho hupenda kitu kinachosogea. Mnaweza kutengeneza tanga la mfano kwa vijiti na blanketi la dharura linalong'aa, mwelekezi alishike mkononi na kuonesha pembe zake huku akitembea kuizunguka taa iliyo katikati ya meza. Hilo halidanganyi mtu, kwa kuwa mnaonesha pembe tu, na nguvu imebaki kwenye hesabu.

Onesho hilo lifanyieni ndani ya jengo. Utando ule ukitolewa nje hurudisha jua machoni mwa watoto, na ukijipinda unakusanya mwanga mahali pamoja. Asiwepo mwanafunzi wa kulitazama jua, wala taswira yake kwenye foili, hata kwa miwani ya kawaida ya jua. Mtoto akilalamika baada ya hapo kwamba anaona doa jeusi katikati, au maandishi yamepinda, asipewe dawa ya matone ya dukani. Apelekwe siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho. Hospitali ya Bugando wapo.

Jedwali likikataa kufunga duara baada ya kulikagua mara kadhaa, hiyo si kazi ya kumaliza kwa ujumbe wa simu. Beba kompyuta uende kwa mtu aketi nawe. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iko hapo mjini, na mhadhiri yeyote wa hesabu au uhandisi ataona kosa kwa kusoma safu zenu moja moja. Wanafunzi wakitaka kwenda mbele zaidi, waandike barua kwa idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waambatanishe grafu zao tatu na swali moja lililo wazi. Barua yenye grafu na swali moja hujibiwa upesi kuliko ile inayoomba msaada kwa jumla.